Lugha ya Nyumbani na Lugha ya Njiani: Siku Tisa Katika Kalahari

Neno safari ni letu, nasi twalijua vema. Mfanyabiashara aendaye Mombasa yu safarini. Mgonjwa apelekwaye hospitali ya wilaya yu safarini. Hata marehemu husemwa kuwa ameanza safari yake ya mwisho. Lakini neno hilo lilipovuka bahari na kuingia katika lugha za Ulaya lilibadili mavazi, likawa ni matembezi ya kwenda kutazama wanyama pamoja na hema, darubini na mpishi. Kisha likarudi Afrika na maana hiyo mpya, likateremka hadi kusini kabisa, kwa watu ambao hawajapata kusema Kiswahili. Ndivyo tulivyolikuta limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya mabango ya Maun, mji wa kaskazini ya Botswana ulio kandokando ya mto Thamalakane.

Tulikuwa walimu wanne wa Kiswahili kutoka Uganda, wanawake wawili na wanaume wawili. Shughuli za kikazi zilikuwa zimetufikisha Gaborone, na zilipokwisha tuliona si vema kurudi nyumbani bila ya kuiona nchi. Kutembea kwingi ni kuona mengi. Tukachanga fedha zetu, tukajiunga na msafara wa siku tisa wa kuingia Kalahari, kuwatazama wanyama, na mwisho kukaa siku mbili na jamaa wa Kisan karibu na mji wa Ghanzi. Makala haya si tangazo la utalii, wala si taarifa ya kitaalamu. Twataka kuwasimulia walimu wenzetu tuliyoyaona, na hasa neno moja tulilolisikia kutoka kinywani mwa bibi wa Kinaro, kwani neno hilo latuhusu sisi tunaoshika chaki kuliko linavyomhusu mtalii mwingine yeyote.

Mwalimu wa Kiswahili afikapo Botswana hajioni mgeni kwa muda mrefu. Nchi ni Botswana, mtu mmoja ni Motswana, wengi ni Batswana, na lugha yao ni Setswana: ngeli ni zile zile, sauti tu ndizo zilizogeuka. Mtu huitwa motho na watu batho. Nyama ni nama, nyoka ni noga, maji ni metsi. Fedha yao ni pula, maana yake mvua, na pula moja ina thebe mia moja, yaani ngao mia moja. Neno hilo hilo pula ni dua, nalo hutamkwa kwa sauti kuu mwisho wa hotuba. Nchi iliyo kavu kiasi kile imeipa fedha yake jina la kitu inachokihitaji kuliko vyote. Twaona hilo ni fundisho zuri la maana kwa mwanafunzi yeyote wa lugha.

Kiongozi wa msafara wetu alikuwa Motswana wa makamo, mzaliwa wa Maun, mtu mpole na mwenye maarifa mengi, ambaye alituita borra na bomma, yaani mabwana na mabibi. Yeye ndiye aliyetupa somo la kwanza. Tulimwuliza jina hasa la wale watu tuliokuwa tukienda kuwaona. Akatuambia kwamba baba yake alipokuwa kijana walikuwa wakiitwa Masarwa, na kwamba siku hizi huitwa Basarwa. Tulitazamana. Msomaji aliyefundisha ngeli hahitaji kuelezwa zaidi. Ba- ni ngeli ya watu, ndugu ya wa- yetu. Ma- yao ni ngeli wanamotiwa wageni wasioheshimiwa pamoja na vitu vingi visivyo watu. Sisi nasi twajua tunamfanya nini mtu tunapomwita jitu, na watu tunapowaita majitu. Badiliko lile la silabi moja lilifanyika katika miaka ya 1970, Botswana ilipokwisha kupata uhuru wake wa mwaka 1966, na ndani ya silabi hiyo mna madai mazima ya watu kutaka kuhesabiwa miongoni mwa watu.

Hata hivyo Basarwa ni jina walilopewa na majirani, na San ni jina lililotoka katika vinywa vya Wakhoikhoi, ambao nao walikuwa majirani. Wenyewe wana majina yao, kila kundi na lake: Wanaro, Wag|ui, Wag||ana, Waju|'hoan na wengineo. Alama hizo za ajabu ndani ya majina tutazieleza baadaye.

Tulitoka Maun alfajiri, tukapita Rakops, tukaingia Hifadhi ya Kalahari ya Kati kwa lango la Matswere. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 52,800, karibu sawa na Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwisho wa mvua. Kalahari si jangwa la mchanga mtupu kama wengi wetu tulivyojichorea akilini tulipokuwa tukisoma jiografia. Mchanga upo, tena mwingi na wa kina, lakini juu yake huota majani, vichaka na migunga; kinachokosekana ni maji yanayokaa juu ya ardhi. Mvua hunyesha miezi michache, mchanga ukainywa, na mito iliyopita hapo zamani za kale imebaki mabonde makavu yenye nyasi. Jina lenyewe latokana na Kgalagadi ya Setswana, neno linalohusishwa na ukavu na kiu.

Katika mabonde hayo ndimo wanyama wanamokusanyika baada ya mvua. Tuliwaona choroa kwa makundi, wenye nyuso zilizopakwa nyeusi na nyeupe kana kwamba wanakwenda ngomani, na pembe ndefu zilizonyoka. Kiongozi alitueleza jinsi mnyama huyo anavyoishi pasipo kisima. Maji yake huyapata katika majani, mizizi na matikiti mwitu. Na jua likiwa kali huuacha mwili wake upande joto ambalo lingemwua mnyama mwingine, badala ya kuyapoteza maji kwa kutoa jasho. Tuliwaona swala wa huko waitwao springiboki wakirukaruka bila sababu tuliyoijua. Bweha wenye masikio mapana wakiinamisha vichwa kuwasikiliza wadudu walio chini ya ardhi. Nyegere akifukua kwa hasira kama mtu aliyepotelewa na fedha. Na tandawala, ndege mzito kuliko ndege wote wa Afrika wanaoruka, akitembea polepole kama mkaguzi wa shule aliyefika bila ya taarifa.

Usiku wa tatu simba walinguruma karibu na mahema. Hapakuwa na ua wala boma, ila turubai tu kati yetu na wao. Asubuhi tulizikuta nyayo zao zimepita kati ya gari na jiko, na baadaye tukawaona wenyewe wamelala kivulini, dume mmoja akiwa na manyoya ya shingoni meusi ti, kama ilivyo kwa simba wengi wa Kalahari. Hatutawachosha wasomaji kwa hadithi za simba. Twasema tu kwamba mtu aliyesikia ngurumo ile akiwa amelala chini, bila ukuta, huelewa kwa nini watu walioishi mahali hapo vizazi kwa vizazi walijifunza kuisoma ardhi kama sisi tunavyousoma ukurasa.

Kwani watu waliishi mahali hapo, na jambo hilo halionekani katika picha za mabango. Siku ya sita tulipita Xade, upande wa magharibi wa hifadhi. Kabla ya mwaka 1997 palikuwa na kijiji hapo, chenye shule, zahanati na kisima. Leo wakazi wake hawapo. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1961, katika siku za utawala wa Waingereza, mojawapo ya madhumuni yake lilikuwa kuwahifadhia Wasan waliokuwamo nafasi ya kuendelea na maisha yao ya kuwinda na kuchuma. Baadaye serikali ya Botswana iliona kwamba makazi na hifadhi ya wanyama haviwezi kwenda pamoja, na kwamba huduma za shule na afya hutolewa kwa urahisi zaidi nje. Watu wakahamishwa mwaka 1997, na tena mwaka 2002, wakapelekwa katika makazi mapya, New Xade likiwa mojawapo.

Waliohamishwa hawakukubaliana na maelezo hayo. Roy Sesana na wenzake walikwenda mahakamani, na tarehe 13 Desemba 2006 Mahakama Kuu iliyoketi Lobatse iliamua kwa majaji wawili dhidi ya mmoja kwamba watu hao walikuwa wakiikalia ardhi ile kwa haki, na kwamba waliondolewa bila ya ridhaa yao. Mmoja wa majaji hao alikuwa Unity Dow, ambaye walimu wa fasihi humjua pia kwa riwaya zake. Hata hivyo mahakama haikuilazimisha serikali kurudisha huduma, na serikali ikaifasiri hukumu kuwa yawahusu tu wale waliotajwa katika shauri. Ilibidi kesi nyingine ifunguliwe juu ya maji, na mwezi wa Januari 2011 Mahakama ya Rufani ikawapa waliorudi haki ya kuchimba na kutumia visima kwa gharama zao wenyewe. Tulisimama kidogo pale Xade. Kiongozi wetu hakusema neno, nasi hatukumwuliza. Sisi Waganda hatuwezi kulitazama jambo hilo kwa mbali, kwani Batwa wa kusini magharibi ya nchi yetu walitolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa mbuga za taifa mwaka 1991, na baadhi yao leo huwaongoza watalii katika msitu uliokuwa nyumba yao. Lugha waliyokuwa nayo Batwa hao hapo kale, kama walikuwa na ya kwao, hakuna aijuaye. Husema lugha za majirani zao.

Tukatoka hifadhini, tukapita New Xade, tukafika pande za Ghanzi, kwenye nchi ya Wanaro. Hapo ndipo ilipoanza sehemu ya msafara ambayo katika karatasi za kampuni iliitwa maonyesho ya utamaduni. Twakiri kwamba neno maonyesho lilitutia wasiwasi. Lakini mambo hayakuwa mepesi kama tulivyodhani, si kwa ubaya wala kwa uzuri.

Waliotupokea walikuwa mzee mmoja, wanawake wawili wa rika lake, na kijana aliyekuwa mkalimani wao, ambaye alisema Kinaro, Setswana na Kiingereza. Wazee walivaa ngozi, kijana alivaa suruali na fulana. Tulitembea nao kichakani tangu mapambazuko hadi jua lilipokuwa kali. Bibi mmoja alichimba kwa mti wake wa kuchimbia chini ya jani dogo ambalo sisi tusingeliona, akatoa kiazi kikubwa, akakiparuza, akayakamua machicha yake kiganjani, maji yakamtiririka kwenye kidole gumba hadi kinywani. Mzee alipekecha moto kwa vijiti viwili. Tulifurahi kumwambia kwamba kwetu kijiti kile cha kuzungushwa huitwa ulindi, ingawa hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kuutumia. Alituonyesha ganda la yai la mbuni linavyotobolewa na kutiwa maji, kisha kufukiwa ardhini kwa siku za kiangazi. Alituonyesha mshale wake, ambao sumu yake hukamuliwa katika viluwiluwi vya mdudu aina ya mbawakawa, vinavyochimbuliwa chini ya kichaka cha jamii ya manemane. Sumu haipakwi kwenye ncha, bali nyuma yake, ili mwindaji akijikwaruza kwa bahati mbaya asife.

Lakini lililotuvutia zaidi sisi walimu ni namna alivyofundisha. Alichuchumaa penye alama ya kwato, akanyamaza. Kisha akauliza, kwa kinywa cha mkalimani: ni mnyama gani, naye alipita lini? Tulijibu kwamba ni mnyama mdogo. La pili hatukulijua. Mzee hakutuambia. Alielekeza kijiti chake penye mstari mwembamba uliokata juu ya alama ile, akangoja tena. Ulikuwa ni mwendo wa mdudu. Mdudu yule hutembea usiku, nao mstari wake ulikuwa juu ya kwato, si chini yake. Mmoja wetu akasema, basi mnyama alipita jana kabla ya usiku kuingia. Mzee akatabasamu, akainuka. Alikuwa dondoro, akatuambia, tena jike. Ni mara ngapi katika vyuo vya ualimu tumeandika juu ya ubao kwamba mwalimu mwema humwongoza mwanafunzi alipate jibu mwenyewe! Mzee yule hakupata kuingia darasani, naye aliifanya kazi hiyo kwa kijiti.

Matembezi yalipokwisha mzee aliingia kibandani akatoka amevaa suruali, koti na kofia, akachukua baiskeli yake. Alituona tukimtazama, akasema jambo, na mkalimani akacheka kabla ya kulitafsiri: ngozi zile ni sare ya kazi, kama ya askari. Jioni walicheza ngoma. Wanawake walikaa kuuzunguka moto wakipiga makofi na kuimba, mzee na wanaume wengine waliokuja wakazunguka nyuma yao wakikanyaga mchanga kwa hatua fupi, miguuni wamefunga njuga zilizotengenezwa kwa vifuko vikavu vya viwavi. Kiongozi wetu alitunong'oneza kwamba ngoma ya uganga yenyewe haiagizwi kwa saa. Basi tulijua tunachokiona ni nini: maarifa ya kweli ndani ya sare, na watu wanaoyauza machache ili waishi, wakijiwekea mengine. Mwalimu naye hulipwa kwa anachokijua. Tofauti ni kwamba sisi tumepewa shule za kukirithisha, nao hawakupewa.

Sasa tuseme juu ya lugha yenyewe. Tangu dakika ya kwanza masikio yetu yalikuwa yakigonga mlango usiofunguka. Katika Kiswahili tunalo neno kidoko, yaani ule mlio wa ulimi unapobanduliwa ghafla kutoka kwenye meno au kaakaa. Kwetu mtu hupiga kidoko akiudhika, au akimwita mnyama. Si sehemu ya neno lolote. Kwao vidoko ni konsonanti kama p na t zilivyo kwetu, tena ni vya namna mbalimbali: kuna cha menoni, kuna cha kaakaani, kuna cha pembeni mwa ulimi. Ndizo zile alama | na ! na || zinazoandikwa katika majina yao. Katika Kinaro cha maandishi ya kawaida hutumika herufi c, q na x, na Kinaro kimekuwa na kamusi yake iliyochapishwa tangu mwaka 2001. Majirani wa Kibantu wa kusini, Waxhosa na Wazulu, wamejifunza vidoko kutoka kwa wenyeji hao wa kale na kuvitia katika maneno yao. Basi si kweli kwamba lugha ndogo hupokea tu, nazo hutoa.

Na kuna deni jingine ambalo walimu wa Kiswahili hatulikumbuki. Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyeeneza matumizi ya neno Bantu kuwa jina la jamii ya lugha zetu, na ambaye sarufi yake linganishi iliyoanza kutoka mwaka 1862 ndiyo iliyoweka msingi wa kuzipa ngeli nambari, alimaliza maisha yake akijifunza lugha ya Wa|xam, Wasan wa Rasi. Walimu wake walikuwa wafungwa waliotolewa katika gereza la Cape Town wakaishi nyumbani kwake. Mashuhuri miongoni mwao ni mzee //Kabbo, ambaye jina lake maana yake ni ndoto. Bleek alikufa mwaka 1875, na shemeji yake Lucy Lloyd akaiendeleza kazi hiyo miaka mingi. Daftari zao zina kurasa zaidi ya 12,000. Leo hakuna asemaye Ki|xam. Kaulimbiu ya ngao ya taifa ya Afrika ya Kusini, iliyozinduliwa mwaka 2000, imeandikwa kwa lugha hiyo, nayo yahimiza umoja wa watu walio mbalimbali. Lugha iliyokufa vinywani imepewa heshima ya kukaa juu ya noti na sarafu. Ni heshima kubwa iliyokuja ikiwa imechelewa.

Jioni ya mwisho tulikuwa tumekaa na wale wanawake wawili kando ya moto. Sisi kwa sisi tulikuwa tukisema Kiswahili, kama ilivyo desturi yetu. Bibi mkubwa alitusikiliza muda, kisha akauliza kwa njia ya mkalimani:

"Wanangu, hicho mnachosemezana ni Kiingereza?"

"Hapana, mma. Ni Kiswahili."

"Ndicho mlichofunzwa na mama zenu?"

Mmoja wetu akamjibu: "Hapana, mma. Mama yangu husema nami Kikiga. Mwenzangu huyu ni Msoga, huyu ni Mganda, na yule ni Mlugbara. Kiswahili ndicho tunachokutania."

Bibi akafikiri, akachochea moto, akasema: "Basi ninyi mna lugha ya nyumbani na lugha ya njiani. Hiyo ni mali. Wajukuu wangu walikwenda shule, wakakaa bwenini mbali, wakarudi na ya njiani tu. Nikiwatajia jina la mzizi hucheka, hunijibu kwa Setswana. Sikatai, njia ni nzuri. Lakini mtu halali njiani."

Hatukuwa na la kumjibu. Kijana mkalimani alituambia kwa upande wake kwamba shuleni hakusikia neno la Kinaro kutoka kwa mwalimu hata mmoja, na kwamba alijifunza kukiandika ukubwani, katika kijiji cha D'Kar.

Tangu jioni ile tumelitafakari neno la bibi yule, nasi twaona laja moja kwa moja juu ya meza zetu. Kwetu Uganda Kiswahili, ingawa kiliingizwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, bado ni mgeni anayebisha hodi. Aghalabu sisi walimu wake hujiona watetezi wa mnyonge, tukikipigania kipate vipindi, vitabu na walimu. Si rahisi kwetu kukifikiria Kiswahili kuwa ndicho Setswana cha mtoto mwingine. Lakini ndivyo kilivyo mahali pengine. Karibu na Ziwa Eyasi, huko Tanzania, wako Wahadzabe, na katika nchi ya Kondoa wako Wasandawe. Wote wana lugha zenye vidoko. Kihadza hakijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote, na kuna wataalamu wanaodhani kwamba Kisandawe kina udugu wa mbali na lugha za Kikhoe, ambamo Kinaro kimo. Dorothea Bleek, binti wa Bleek yule yule, alifika Tanganyika mwaka 1930 kuwachunguza Wahadzabe, ambao majirani zao huwaita Watindiga. Mtoto wa Kihadza aingiapo darasa la kwanza hukutana na Kiswahili, nacho ndicho lugha ya kila somo na ya kila mwalimu.

Na iko habari iliyo karibu zaidi na chimbuko la lugha yetu. Katika pwani ya Kenya, pande za Lamu na mto Tana, wamo Wadahalo, watu wachache waliokuwa wawindaji, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, nayo ina vidoko. Wamebaki wasemaji mia chache. Watoto wao hukua wakisema lugha za majirani, na jirani mkubwa ni Kiswahili. Hakuna aliyekuja na amri wala na askari kuwanyang'anya lugha yao. Ni soko, ni shule, ni ndoa, ni utamu wa lugha kubwa. Kiswahili tunachokisifu kwa kuwa hakina kabila kinaweza kuziacha nyumba za watu zikiwa tupu bila ya kumdhuru mtu hata mmoja kwa mkono.

Hatusemi hayo ili tuache kukieneza. Mwezi wa Agosti 2019, mjini Dar es Salaam, wakuu wa nchi za SADC walikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya yao, na Botswana ni mwanachama. Hivyo njia yetu imekwisha kufika katika nchi ya bibi yule. Siku moja huenda mwalimu atokaye kwetu akasimama mbele ya darasa Ghanzi. Twapenda aingie akiwa anajua kwamba wanafunzi wake tayari wamebeba Setswana na Kiingereza, na kwamba chini kabisa ya mzigo huo iko lugha ambayo hakuna aliyewauliza habari zake.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu kwa wenzetu, yasiyohitaji fedha wala waraka wa wizara. La kwanza, tuyaite makabila kwa majina wanayojiita wenyewe, na tuwafundishe wanafunzi kwamba ngeli zinaweza kuheshimu na zinaweza kudharau. La pili, kila mwanafunzi aagizwe kuleta kutoka kwa bibi na babu majina ya mimea, wadudu na nyayo katika lugha ya kwao, yaandikwe daftarini kando ya Kiswahili. Penye jina ambalo Kiswahili hakina, libaki kama lilivyo, kwani hilo ndilo tulilokuwa hatulijui. La tatu, mzee ajuaye akaribishwe darasani afundishe, tena akiwa katika nguo zake za kila siku. Huko Upington, Afrika ya Kusini, Mama Katrina Esau, aliyezaliwa mwaka 1933 na kubaki kuwa miongoni mwa wasemaji wa mwisho kabisa wa lugha ya N|uu, alifungua darasa nyumbani kwake akawafundisha watoto wa mtaani, na mwaka 2021 kikachapishwa kitabu chake cha watoto juu ya kobe na mbuni. Hakungoja chuo, wala hakungoja cheti.

Sisi tunavyo vyuo na vyeti. Juma lijalo tutaingia madarasani kufundisha Kiswahili, nayo ni kazi njema. Kabla ya kufungua kitabu, tumwulize kila mtoto: kwenu husemwa lugha gani? Kisha tunyamaze, tungoje jibu.